Gari Zito Lisilochanganya: Nguvu Inapotelea Wapi?

Gari zito ni lile ambalo dereva akikanyaga mafuta injini inanguruma lakini mwendo hauji, au unakuja kwa kuchelewa. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road jijini Nairobi na wa Kisekka mjini Kampala husikia lalamiko hili kila siku, na majibu yao hayafanani. Gari moja linaweza kuambiwa asubuhi kwamba plagi zimekufa, mchana kwamba pampu ya mafuta imechoka, jioni kwamba masega ya bomba la moshi yameziba, na kesho yake kwamba injini nzima ibadilishwe. Mwenye gari hulipia majibu yote manne, na mara nyingi gari hubaki vilevile.

Utata huu una sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: uzito wa gari ni dalili, na dalili hiyo hutokana na mambo mengi yasiyohusiana. Ya pili ni ya kibiashara, nayo haizungumzwi sana: mteja huona ni halali kulipia kifaa anachokishika mkononi, lakini huona ameonewa akitozwa fedha kwa kazi ya kupima. Gereji hujiendesha kwa kile ambacho wateja wako tayari kulipia. Sababu hizi mbili zinapokutana, kukisia huwa na faida kuliko kuchunguza.

Aina tatu za uzito

Kabla ya kutafuta chanzo ni lazima lalamiko lenyewe lichambuliwe, kwa kuwa chini ya jina moja kuna hali tatu tofauti. Kuna gari linalochelewa kuitika: ukikanyaga, linasita kidogo, kisha linaondoka vizuri. Kuna gari dhaifu muda wote, kwenye tambarare na mlimani, injini ikiwa baridi au moto. Na kuna gari linaloondoka vizuri, likafika mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, kisha likagoma kana kwamba limefungwa kamba.

Hali ya kwanza huelekeza kwenye throto iliyojaa masizi, sensa ya hewa iliyochafuka au hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Ya pili huelekeza kwenye mgandamizo wa silinda, taiming, breki zinazoshika au giaboksi. Ya tatu ni dalili ya kitu kinachobana: mafuta hayafiki ya kutosha, au moshi hautoki. Mgawanyo huu hauna uhakika wa asilimia mia, ila hupunguza orodha ya watuhumiwa kwa zaidi ya nusu bila kufungua nati hata moja.

Swali jingine la bure ni la wakati. Ubovu ulioanza ghafla baada ya kujaza mafuta, baada ya kuosha injini au baada ya fundi kugusa kitu fulani, una uhusiano na tukio hilo hadi ithibitike vinginevyo. Ubovu uliokuja polepole kwa miezi ni wa kuchakaa au kuziba.

Nguvu inavyozaliwa

Injini ya petroli huhitaji mambo matano kwa pamoja: hewa ya kutosha, mafuta yanayolingana na hewa hiyo, cheche kali inayopiga kwa wakati wake, mgandamizo ndani ya silinda, na njia iliyo wazi ya kutolea moshi. Uwiano wa kuungua kikamilifu ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kwenye gari la nozeli, sensa hupima hewa inayoingia, kompyuta hupiga hesabu, nozeli hufunguka kwa muda uliokadiriwa, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi hutoa taarifa ya jinsi mafuta yalivyoungua ili kompyuta ijirekebishe.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba injini ikiwa sailensi, yaani ikizunguka bila kukanyagwa, hutumia mafuta kidogo sana. Pampu iliyochoka nusu inaweza kuilisha bila shida. Upungufu hujitokeza pale tu gari linapobeba mzigo, linapopanda mlima au dereva anapokanyaga hadi chini. Kwa hiyo ule mtindo wa kufungua boneti uwanjani, kuingurumisha injini mara tatu gari likiwa nyutro na kutoa hukumu, hauna msingi. Injini isiyobeba kitu huficha takriban kila udhaifu unaolalamikiwa barabarani.

Nguvu ikishazaliwa, bado ina safari: giaboksi, eksi, breki na tairi. Njiani humo inaweza kupotea huku injini ikiwa nzima kabisa.

Je, gari ni bovu kweli?

Baadhi ya magari hupelekwa gereji bila ubovu wowote. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda juu. Kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, ambao ndio wa Mbeya, na Nairobi ikizidi kidogo, hewa huwa na uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na nguvu ya injini hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, iliyo kwenye IST, Probox na magari mengine mengi ya Toyota, ilitangazwa na kiwanda kuwa na nguvu farasi 109 au karibu na hapo. Ikifika Mbeya hubakiwa na tisini na kidogo. Injini ya 1KR-FE ya cc 996 iliyo kwenye Vitz na Passo huanza na 71. Kule juu hubakiwa na takriban 60. Ongeza abiria watano, mizigo na kiyoyozi kinachozungushwa na injini hiyohiyo, kisha likabidhi gari mlima wa Kitonga au ukingo wa Mai Mahiu. Hakuna fundi anayeweza kurudisha hewa ambayo haipo.

Tairi nazo hubadili hesabu. Kunyanyua magari na kuyafunga tairi kubwa kumekuwa jambo la kawaida, hasa kwa watu wa barabara za vumbi. Tairi ya 175/65R14 ina kipenyo cha takriban milimita 583, na ya 195/65R15 ina takriban milimita 634. Tofauti ni karibu asilimia 9, na kwa gari lile lile ni sawa na kuirefusha kila gia kwa kiasi hicho. Mwendo wa kuondoka lazima uzorote, na dashibodi itadanganya kwa kuonyesha kasi ndogo kuliko ya kweli. Mwenye gari aliyechagua tairi hizo amepata kimo na amelipa kwa wepesi. Ni biashara halali ilimradi aijue.

Rai ya kwanza: lawama ni za mafuta

Gari likiwa bovu kweli, watu hugawanyika katika rai nne kuhusu chanzo na tiba. Ya kwanza, inayolaumu mafuta, ina mizizi katika historia. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, na tofauti hiyo ya bei iliwashawishi wafanyabiashara wasio waaminifu kuyachanganya. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Kenya ilichukua njia kama hiyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Anayeshuku mafuta, kwa hiyo, hazushi.

Kiufundi pia rai ina nguvu. Mafuta ya taa yana okteni ndogo. Yakiingia kwenye petroli, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini hugonga, sensa ya kugonga huiamuru kompyuta icheleweshe cheche, na nguvu hushuka. Maji yakiingia kwenye tangi, injini hukatakata.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba mafuta mabaya yana tabia inayotambulika. Tatizo huanza muda mfupi baada ya kujaza, na hupungua tangi likijazwa mara moja au mbili kwingineko. Gari ambalo limekuwa zito kwa nusu mwaka, likijazwa kwenye vituo tofauti, halisumbuliwi na mafuta ya kituo kimoja. Wapo pia wanaonunua petroli ya okteni kubwa wakitarajia nguvu zaidi. Injini iliyoundwa kwa okteni ya kawaida haipati chochote cha maana kwa okteni ya ziada. Okteni ni uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kujilipukia, si wingi wa nishati.

Rai ya pili: badilisha, tuone

Hii ndiyo rai inayotawala. Fundi huanza na plagi, akaenda kwenye koili, filta, pampu, sensa, hadi gari lichanganye au mfuko uishe. Isidharauliwe moja kwa moja. Vifaa vingine ni vya bei ndogo na vina muda wake wa kubadilishwa. Plagi za kawaida zilizotembea kilometa 40,000 zinastahili kutolewa hata kama si chanzo. Fundi mzoefu aliyeshika injini za aina moja kwa miaka mingi anajua udhaifu wake, na kisio lake si la mtu wa kubahatisha. Kubadilishana koili kati ya silinda moja na nyingine, kisha kuangalia kama misi, yaani silinda kukosa kuwaka, imehama, ni kipimo halali kisichogharimu senti.

Filta ya hewa ni mfano mzuri wa mahali ambapo rai hii iko sahihi. Utafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba filta iliyoziba kwenye gari la kisasa la petroli haibadilishi sana ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta hurekebisha, lakini uchanganyaji wa mwendo huboreka kwa asilimia 6 hadi 11 filta mpya ikifungwa. Watu wengi huamini kinyume chake: kwamba filta chafu hula mafuta na basi. Tena, filta ya karatasi inayopulizwa kwa kompresa kila wiki hutoboka au huachia vumbi lipite. Vumbi hilo hukaa kwenye uzi mwembamba wa sensa ya hewa, sensa husoma hewa pungufu, na kompyuta hutoa mafuta pungufu. Ubovu wa shilingi elfu chache huzaa ubovu wa laki.

Kasoro kubwa ya rai ya pili ni ubora wa vifaa. Soko limejaa plagi za bandia zenye maandishi ya kampuni zinazoheshimika, na sensa mpya zinazosoma vibaya kuliko ile ya zamani iliyotolewa. Mtu anayebadilisha kwa kukisia anaweza kuingiza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza, na kuanzia hapo hata fundi bora atapata taabu kutenganisha kilichokuwepo na kilicholetwa. Hali hiyo ni ya kusikitisha kwa sababu gari huwa limeingia gereji na tatizo moja tu.

Rai ya tatu: mashine itasema

Wanaopinga kukisia hukimbilia mashine ya kupima. Marekani ililazimisha mfumo wa gari kujichunguza uitwao OBD-II kwenye magari mapya kuanzia yale ya mwaka 1996, na soketi ile ya pini 16 iliyo chini ya usukani imeenea kote. Kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu kimekuwa cha bei ambayo mwenye gari wa kawaida anaimudu. Baadhi ya magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaitiki visomaji hivyo vya bei rahisi, na huhitaji mashine ya gereji inayojua lugha ya kiwanda.

Nguvu ya mashine ni kumbukumbu. Inajua kilichotokea kilometa 50 zilizopita, fundi akiwa hayupo. Tatizo ni namna inavyosomwa. Msimbo P0171 unasema kwamba mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa. Hausemi kwa nini. Mafundi wengi wakiuona hubadilisha sensa ya oksijeni, ambayo kosa lake ni kuleta habari za kweli. Vivyo hivyo P0420 husema masega hayafanyi kazi yake vizuri, bila kusema kama yameziba, na bila kusema ni nini kilichoyaharibu. Na kuna hitilafu ambazo mashine haizioni kabisa: breki inayoshika, klachi inayoteleza, bomba la moshi lililobonyea. Taa ya injini isipowaka, mtu asidhani gari ni zima.

Thamani halisi ya mashine haiko kwenye misimbo, iko kwenye namba zinazobadilika gari likitembea. Mojawapo ni asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ikiwa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, hakuna cha kutisha. Ikipanda hadi 20 na kuzidi, injini inakosa mafuta au inavuta hewa isiyopimwa. Kisha hutazamwa inapanda lini. Ikiwa kubwa kwenye sailensi na kushuka mizunguko ikifika 2,500, kuna mpasuko kwenye mpira wa hewa au gasketi ya manifoldi, kwa sababu hewa hiyo ya wizi ni nyingi ikilinganishwa na kidogo inayoingia kihalali injini ikiwa imetulia. Ikiwa ndogo kwenye sailensi na kukua kadiri mzigo unavyoongezeka, watuhumiwa ni pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa. Dakika kumi za barabara huku mtu wa pili akisoma namba hizo zina maana kuliko kusoma misimbo ishirini gari likiwa limeegeshwa.

Rai ya nne: toa masega

Hakuna rai inayogawanya watu kama hii, na hakuna inayohitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi. Masega ni kifaa cha vitundu vidogo kilichomo kwenye bomba la moshi, kilichopakwa platini, paladi na rodi. Kazi yake ni kugeuza monoksidi ya kaboni, masalia ya mafuta na oksidi za nitrojeni kuwa gesi zenye madhara madogo, na yakiwa mazima na moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo.

Wanaotaka yatolewe husema kwamba yanabana moshi, kwamba hayakutengenezwa kwa mafuta ya Afrika, na kwamba yakitolewa gari huwa jepesi. Hoja ya pili ilikuwa kweli zamani. Petroli yenye risasi huua masega, na nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikiitumia hadi lilipotoka Azimio la Dakar la mwaka 2001, lililopelekea risasi kuondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa 2005. Hoja imebaki midomoni ilhali sababu yake imeondoka miaka mingi iliyopita.

Hoja ya kubana moshi ina ukweli pale tu masega yanapoziba, na kuziba kwake kunathibitishika. Gari lenye masega yaliyoziba huwaka vizuri, huenda, kisha hugoma mizunguko inapopanda, na hali huwa mbaya zaidi injini ikishika joto. Fundi akiifunga geji ya vakyumu kwenye manifoldi, injini nzima iliyoko usawa wa bahari husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi. Kila meta 300 za mwinuko hupunguza inchi moja hivi, kwa hiyo Nairobi namba hizo zipungue kwa karibu sita. Mizunguko ikishikiliwa kwenye 2,500 na mshale ukaanza kuporomoka taratibu badala ya kutulia, moshi hauna pa kupita. Kipimo cha uhakika zaidi ni kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kufunga geji mahali pake: msukumo wa nyuma ukizidi psi 3 kwenye mizunguko 2,500, kuna kizuizi. Ni kazi isiyofika saa moja.

Swali linaloachwa ni kwa nini yaliziba. Masega mazima hayazibi yenyewe. Silinda inayopiga misi humwaga petroli mbichi ambayo huungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Injini inayokula oili huyapaka majivu. Anayetoa masega na kuiacha misi amekata king'ora na kuuacha moto. Baada ya wiki chache gari hurudi na uzito uleule, safari hii likiwa na kelele na taa ya injini isiyozimika.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari anapaswa kulijua kabla ya kukubali. Metali zilizomo ndani ya masega ni ghali. Bei ya rodi ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja mwaka 2021. Masega yaliyotolewa hununuliwa na wakusanyaji, na mara nyingi anayeyauza ni yule yule aliyeshauri yatolewe. Si kila fundi anayeshauri hivyo ana nia hiyo, lakini ushauri unaompa mshauri kipato ambacho mteja hakijui haufai kupokelewa bila kipimo. Kwa masega ambayo hayajaziba, faida ya kuyatoa kwenye injini ndogo ni ndogo mno kuhisiwa na dereva, na hasara yake huvutwa na mapafu ya wote walio kwenye foleni nyuma yake. Hapa pande mbili hazilingani: kutoa masega mazima ni kosa.

Mahali pasipotazamwa

Oili ya injini ni mojawapo. Injini nyingi za Kijapani zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000 zina mfumo wa kubadili taiming ya valvu, ambao Toyota huuita VVT-i, na mfumo huo huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na chujio dogo. Kiwanda kilipendekeza oili nyepesi kama 5W-30. Desturi ya kumwaga oili nzito ya 20W-50 au ya namba 40 kwa imani kwamba nchi za joto hudai oili nzito, tena ikakaa hadi iwe lami, huchelewesha mfumo huo na mwisho huuziba. Injini hubaki na taiming moja, na mteja huambiwa imechoka. Cheni ya taiming iliyolegea kwa kukosa oili safi huleta matokeo yanayofanana na hayo.

Breki ni pengine. Kwenye miji ya pwani, chumvi hushika pini na pistoni za kalipa, na gurudumu moja huendelea kubanwa baada ya pedeli kuachiwa. Kipimo chake hakihitaji kifaa: baada ya mwendo wa kilometa chache bila kutumia breki sana, rimu moja huwa ya moto kuliko nyingine, na gari likiwekwa nyutro mahali tambarare husimama mapema.

Giaboksi inastahili tahadhari zaidi. Injini ikipandisha mizunguko huku mwendo ukibaki palepale, nguvu inazaliwa lakini haifiki. Kwa gari la klachi, ni klachi inayoteleza. Kwa otomatiki, huanziwa kwenye kiwango na hali ya oili. Magari yenye giaboksi ya mkanda, yaani CVT, hudai oili yake maalumu. Oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki ikimiminwa humo, mkanda wa chuma huteleza na kujila, na uharibifu wake hauna dawa ya bei nafuu. Pia kompyuta ikigundua hitilafu kwenye giaboksi au throto hulazimisha gari litembee kwa nguvu ndogo ili lisijiumize. Hali hiyo huja ghafla, mara nyingi pamoja na taa, na kubadilisha plagi hakuigusi.

Kwa dizeli, mpangilio ni tofauti kidogo. Cheche haipo, na mzigo wa mashaka huangukia filta ya mafuta, presha ya reli, mipira ya tabo na masizi kwenye manifoldi. Moshi wenyewe ni shahidi: mweusi mzito pamoja na kukosa nguvu humaanisha hewa haitoshi, kwa mfano mpira wa tabo uliopasuka; kukosa nguvu bila moshi wowote humaanisha mafuta hayafiki.

Kupima rai hizi

Zikiwekwa pamoja, rai zote zina kipande cha ukweli, lakini hazina haki sawa ya kutangulia. Kisio la fundi mzoefu hutoa mwelekeo, na mwelekeo si uthibitisho. Mashine hutoa uthibitisho wa kilichotokea bila kutaja mkosaji. Lawama kwa mafuta zinaweza kuhakikiwa kwa kubadilisha kituo. Kutoa masega ni hatua ya mwisho inayodai ushahidi kamili, na hata hapo kinachotakiwa ni kuyabadilisha baada ya kutibu kilichoyaziba.

Utaratibu unaotetewa hapa huanza na visivyo na gharama: upepo wa tairi, joto la rimu, filta ya hewa, mipira iliyopasuka, kiwango na rangi ya oili, na historia ya lini tatizo lilianza. Kisha husomwa misimbo na namba za barabarani. Baada ya hapo ndipo hufungwa geji, kwa kufuata namba hizo zinaelekeza wapi. Injini ya 1NZ-FE, kwa mfano, hutakiwa kuwa na presha ya mafuta ya kati ya kilopaskali 304 na 343; ikishuka chini ya hapo gari likiwa linakanyagwa mlimani, pampu au chujio la tangini limehukumiwa kwa haki. Mgandamizo wa silinda hupimwa mwisho kwa sababu ni kazi ndefu, ila lazima upimwe kabla ya mtu yeyote kutamka neno kubadilisha injini. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, matone machache ya oili humiminwa ndani na kipimo kurudiwa: kikipanda, ringi zimekwisha, kisipopanda, valvu au gasketi ya silinda hedi ndiyo yenye hitilafu, na injini inaweza kuokolewa.

Ubaya wa utaratibu huu ni muda. Unaweza kula nusu siku, na mwisho wake fundi akawa na jibu tu, bila kifaa kipya cha kumwonyesha mteja. Gereji ndogo isiyo na geji wala mashine haiwezi kuufuata wote, na haitazinunua iwapo wateja wake hawalipii matumizi yake. Hapa ndipo mzigo unapomrudia mwenye gari. Aulize bei ya kupima kabla ya kuuliza bei ya pampu. Akubali kuilipa hata kama gari litatoka bila kifaa kipya. Aombe aandikiwe namba zilizosomwa, ili fundi wa pili asianze upya. Na vifaa vilivyotolewa, masega yakiwemo, arudishiwe mkononi.